Mume Aliyekubali Kuwa Mzigo

Serwaa alipofeli mtihani wa miundo kwa mara ya pili, hakumwambia mtu. Alishuka basi la kutoka Kumasi, akapita uani moja kwa moja hadi kibandani alikokuwa mumewe akioka mikate, akavua viatu, akanawa mikono mpaka viwikoni, akaanza kukanda unga ambao hakuna aliyemwomba aukande. Aliukanda kwa kisirani. Aliuinua, akaubwaga mezani, akaukunja, akaubwaga tena, hadi makopo ya rafuni yakawa yanagongana.

Amponsah alikuwa mbele ya tanuri, akitoa mikate ya sukari kwa koleo refu la mbao. Alikuwa mtu mnene, mnene hasa, wa kuingia mlangoni kwa ubavu. Mji mzima wa Konongo ulimjua kwa mikate yake na kwa tumbo lake, na tumbo lenyewe alilipiga kofi kila asubuhi kabla wengine hawajaanza kulitania. Alimtazama mkewe kitambo, kisha akaliegemeza koleo ukutani.

"Serwaa, huo unga umekukosea nini?"

"Haujanikosea kitu."

"Maana ukiendelea hivyo kesho tutauza matofali."

Hapo Serwaa akaangua kilio.

Alikuwa amechora ramani za nyumba za watu kwa miaka mingi katika ofisi ya wilaya, mistari yake ikiwa safi kuliko ya yeyote pale. Mtoto wao wa mwisho alipokwenda shule ya bweni, aliamua naye arudi chuoni, ili siku moja ramani aichore yeye na sahihi aiweke yeye. Masomo mengine aliyamaliza bila jasho. Hili la miundo, la kujua boriti na fremu zinavyopinda zikitwikwa mzigo, lilimkataa katakata.

"Mwalimu wetu, Dokta Boahemaa, aliniita ofisini kwake," alisema, akijifuta uso kwa kiwiko. "Akaniambia hesabu zangu hazina kosa hata moja. Ila sijui boriti yangu inaelekea wapi. Nimeichora imepinda kwenda juu, huku mzigo unaisukuma chini! Akasema, kabla hujashika hesabu, lione kwanza umbo. Nimemwambia silioni. Amponsah, nimetazama yale mapicha ya kitabuni mpaka macho yananiwasha, silioni."

Amponsah alifuta mikono kwenye aproni. Shule aliiacha mapema na wala hakuisikitikia. Lakini hakupenda kumwona mkewe analia juu ya unga.

"Haya," alisema, "nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Hicho kinachopinda."

Kulikuwa na ubao mrefu wa kubebea mikate, mwembamba, uliolainika kwa miaka ya kushikwashikwa. Amponsah akauchukua. Akatoka uani, akavipindua vinu viwili vya kutwangia fufu, akaulaza ubao juu yake kama daraja. Kisha, taratibu kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi, akaukalia katikati.

Ubao ulilia. Mama Dufie, mama yake Amponsah, aliyekuwa akiuza mikate mbele ya nyumba, akaja mbio akishikilia khanga yake kiunoni.

"Yesu wangu! Kwaku!" alimwita mwanawe kwa jina la nyumbani. "Ubao wangu!"

"Mama, tulia, tunasoma."

"Mnasoma nini? Mnasomea kuvunja?"

"Mkweo huyu ameambiwa hajui vitu vinavyopinda. Nami nimejitolea kuwa mzigo."

Mama Dufie akamtazama mkwewe, akaona macho mekundu, akaacha kugomba. "Kama ni hivyo, mke wetu," alisema kwa sauti ya chini, "mzigo umeupata. Wilaya nzima hakuna mzigo kama huu."

Serwaa alicheka bila kutaka. Akachukua uzi wa kushonea, akaufunga kutoka ncha moja ya ubao hadi nyingine, akaukaza, akachuchumaa kutazama. Katikati, chini ya mumewe, ubao ulikuwa umeuacha uzi na kushuka, nafasi ya vidole vitatu au zaidi.

"Sogea kwenye kinu cha kulia."

Amponsah akajikokota. Nafasi ikapungua.

"Sogea tena. Sasa rudi katikati."

"Mimi ni binadamu, Serwaa, si droo ya meza."

"Rudi katikati, bwana wangu, tafadhali."

Akarudi, na ubao ukashuka tena. Kisha Serwaa akamwambia asimame, wakausimamisha ubao kwa upande wake mwembamba, Mama Dufie akiushika huku na yeye akiushika kule usianguke, Amponsah akakaa juu kwa hofu, uso umemkunjamana. Safari hii ubao ulikuwa kama hausikii. Uzi na ubao viligusana karibu kila mahali.

"Ubao ni ule ule?" Mama Dufie aliuliza.

"Ule ule, Mama. Umesimama tu badala ya kulala."

"Ajabu hii."

Wakati huo Kankam, fundi viatu wa nyumba ya pili, alikuwa ameshaweka kidevu juu ya ukuta, mdomo wazi. "Bonge!" aliita. "Wamekukamata? Au ndiyo wanakuuza kwa ratili?"

"Badala ya kupiga kelele, njoo huku," Amponsah alijibu. "Tunahitaji makalio zaidi."

Na kweli waliyahitaji. Serwaa alikuwa ameusukuma ubao utokeze nje ya kinu kimoja, ncha yake ikining'inia hewani, na upande wa nyuma akamkalisha Mama Dufie aukandamize. Lakini Amponsah alipoweka tu nusu ya mwili wake kwenye ncha, mama yake alipaa, miguu juu, akipiga ukelele uliowatoa watu barabarani. Wakamkalisha Kankam kando yake, wakaongeza na gunia la unga. Ndipo ncha ikakubali kumbeba Amponsah. Ikamshusha kwa madaha, kama tawi lenye matunda.

Serwaa alizunguka ubao, akainama, akasimama. Aliona unavyoshuka. Bado kitu kimoja kilimkwepa, na Amponsah alikiona kikimkwepa.

"Nini tena?"

"Najua umepinda. Sijui ni upande gani unaovutika na ni upande gani unaobanwa. Na ndilo la maana, kwa sababu zege ukilibana haliteti, lakini ukilivuta linapasuka. Ndiyo maana watu wanatia nondo, zishike pale panapotaka kupasuka. Ukiziweka upande usiohitaji, umezika chuma bure. Ubao hauniambii."

Amponsah aliteremka kwenye ubao, na Kankam na Mama Dufie wakaenda chini pu, pamoja na gunia lao. Hakuwatazama. Alikuwa anawaza mikate, kwa sababu hicho ndicho alichokijua kukiwaza. Aliingia kibandani, akarudi na mkate mrefu wa chai, laini, wa asubuhi ile. Kwa kisu chake cha kuchanjia akauchanja vichanjo vifupi juu, vingi vimepangana, akaugeuza akauchanja vivyo hivyo chini. Akaulaza juu ya makopo mawili na kuukandamiza katikati kwa kidole gumba.

Vile vya juu vilifumba. Vile vya chini vilifunguka kimoja kimoja, kama vinywa vya vifaranga.

Serwaa akamkamata mkono. "Usiondoe kidole. Usiondoe!"

Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa mkate. Akautazama chini, akautazama juu, akatazama na katikati ya ubavu, pale ambapo hapakufunguka wala kufumba. Kisha akauchukua yeye mwenyewe, akaulaza nusu mezani nusu nje, akamwambia Mama Dufie ashikilie ile nusu ya mezani, akaibonyeza ncha iliyoning'inia.

Safari hii vilivyofunguka vilikuwa vya juu, pale pale ukingoni mwa meza.

"Juu," alisema. "Ikiwa inaning'inia, ni juu. Amponsah, ni juu!" Akamrukia shingoni na mikono yake yenye unga, mbele ya mama mkwe, mbele ya Kankam, mbele ya watoto waliokuwa wamepanda ukutani. Mama Dufie aligeuka kando kwa heshima na kuanza kuula ule mkate.

Miezi kadhaa ilipita. Amponsah alikuwa amemwahidi mama yake kwa muda mrefu kwamba atamjengea kivuli mbele ya duka la mikate, kitu cha kudumu, si ule mwavuli uliofifia. Alikitaka kiwe cha zege, kipaa kinachotokeza juu ya kibaraza bila nguzo hata moja, kishikwe nyuma na dari la duka. Mhandisi wa ofisini kwa Serwaa alipiga hesabu zake, Serwaa akaichora ramani, na kazi akapewa Nkansah, mume wa dada yake Amponsah, mwashi mwenye jina zuri mjini na sauti ya kusikika bila kipaza sauti.

Jumamosi ya kumwaga zege majirani walikuja kama desturi. Mashine ya kuchanganyia ilianza kunguruma asubuhi, wanaume wakapanga mstari na makarai, na wanawake uani wakawa wanafungua kenkey, yale madonge ya mahindi, na kukaanga samaki. Upande wa mashariki wingu lilikuwa linajikusanya, kwa hiyo kila mtu alikuwa mbiombio.

Serwaa alipanda ngazi na ndoo ya maji ya kunywa. Alipofika juu hakuigawa ndoo. Alisimama akitazama miguu ya watu.

Nondo zilikuwa zimefungwa vizuri, hilo halina ubishi. Nkansah alizipanga mwenyewe siku iliyotangulia na akaziinua juu ya vijiwe kama ramani ilivyosema. Lakini tangu alfajiri watu walikuwa wamezikanyaga, kwenda na kurudi wakipanga ngazi na mbao, na vijiwe vilikuwa vimeanguka. Wavu wote wa chuma ulikuwa umelala kwenye mbao za chini, tumboni kabisa.

"Shemeji," alimwita Nkansah. "Nondo zimeshuka."

"Zimeshuka kidogo. Zitazibwa."

"Hazikushuka kidogo, zimelala. Hapa zinatakiwa juu."

"Shemeji yangu mpenzi, nondo ni nondo. Likishazimeza zege, nani ataziona? Pisha, wingu lile halisubiri."

"Shemeji, ukimwaga hivi, siku tukiondoa mirunda iliyokiegemeza kipaa, kitapasuka pale kwenye ukuta, juu. Mama anakaa hapo chini."

Nkansah aliacha kutabasamu. Watu walikuwa wamesimama na makarai yao, wakisikiliza. Na kutoka chini, kwenye mstari, mtu mmoja akasema kwa sauti ya kutosha: "Dada, si ungefaulu kwanza ndipo uje utufundishe?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya sana, lakini walicheka. Serwaa alihisi uso wake unawaka. Alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona kando ya mashine, mfuko wa saruji begani, amejaa vumbi jeupe kama siku zote.

"Serwaa," Amponsah alisema. "Shuka kwanza. Tutaongea baadaye."

Akashuka. Aliiweka ndoo chini polepole, maji yasimwagike, akaenda kusimama karibu na pipa, mikono amekunja, akitazama barabarani. Hakulia, wala hakuongeza neno. Na hilo ndilo lililomtia Amponsah wasiwasi. Katika miaka yote ya ndoa yao, Serwaa akiwa na shaka alikuwa anabishana hadi usiku, anazunguka, anarudi, anauliza tena. Alikuwa ananyamaza tu pale anapokuwa na hakika na amechoka.

Amponsah aliutua mfuko. Akapanda ngazi, nayo ikalalamika kila kipandio. Juu, watu walimpisha. Alisimama, akatazama ukingo wa mbele unaoning'inia, akatazama ukuta wa nyuma, kisha akachuchumaa kwa taabu na kuingiza vidole chini ya nondo. Havikupita. Kisha akauliza kwa sauti, bila kugeuka:

"Serwaa! Siku ile ulipobonyeza ncha ya mkate, ni juu palipofunguka?"

"Ni juu," Serwaa alijibu kutoka kwenye pipa.

"Kule kule kwenye kishikio?"

"Kule kule."

Amponsah akainuka. "Zimeni mashine."

"Umerogwa wewe?" Nkansah alifoka. "Mchanganyiko upo tayari! Mvua ile pale! Unataka watu waseme Nkansah amefundishwa kazi na shemeji yake wa kike?"

"Watu waseme amefundishwa na mimi. Shemeji, sijui kitabu hata kimoja. Lakini nimekalia ubao kwenye ncha, na mama yangu nusura apae mbinguni. Najua mahali ambapo panavutwa, mgongo wangu unakumbuka. Zimeni mashine."

Ikazimwa. Nkansah alitupa mwiko wake kwenye karai na kuondoka bila kula, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Mchanganyiko uliokwisha tayarishwa waliusambaza kwenye njia ya uani iliyokuwa ikituama maji, wakausawazisha haraka haraka, na mvua ikawakuta wakiufunika kwa magunia.

Jioni mume na mke walikaa jikoni na kenkey iliyobaki, sahani moja.

"Umenitia aibu kwa kunishusha," Serwaa alisema.

"Najua."

"Mbele ya watu wote wale."

"Najua, Serwaa. Nilimwogopa shemeji. Kisha nikakuogopa wewe zaidi, ulivyonyamaza." Alimega samaki, akaondoa miba, akamwekea upande wake. "Ulikuwa na hakika kweli?"

Serwaa alifikiri. "Hesabu zingeweza kunidanganya. Lile umbo, hapana. Nimeshaliona."

"Basi na mimi nimeliona. Kula."

Nkansah alirudi katikati ya wiki, bila salamu ndefu. Alikuwa na gunia la vijiti vya nondo alivyovikunja mwenyewe kama vigoda vidogo, vyenye miguu. Akavipanga vingi, karibu karibu, akauinua wavu wa chuma juu yake, akatandika mbao za kupitia watu ili mguu wowote usiguse chuma. Kisha akasimama ukingoni akaita, ile sauti yake yote: "Shemeji! Njoo upime kabla sijamwaga. Leo atakayekanyaga nondo, nitamzika humo humo." Serwaa akapanda na rula, akapima. Waliitikiana kwa kichwa bila kusema mengi. Baada ya kumwaga, Nkansah alikula sahani mbili.

Siku ya kuondoa mirunda, Serwaa alisimama chini akiwaelekeza waanze na ile ya nchani, warudi taratibu kuelekea ukutani, wasiibomoe kiholela. Amponsah alikuwa amefunga uzi kutoka ukuta hadi mti wa ng'ambo, na mrunda wa mwisho ulipotoka akapiga kelele: "Kimeshuka! Serwaa, kimeshuka!"

"Kiasi gani?"

"Kama... kama unene wa kucha."

"Basi kimetulia. Nacho kimebeba uzito wake, ulitaka kisisikie kitu?"

Mtihani ulifuata. Dokta Boahemaa alileta swali la fremu, nguzo mbili na boriti juu, upepo unaipiga ubavuni. Serwaa hakugusa hesabu mwanzoni. Alifumba macho, akamfikiria mumewe akiegemeza bega lake kwenye meza ya mikate kama anavyofanya akipiga soga, na meza inavyosogea upande kule juu, miguu ikijikunja huku na huku ilhali pembe zake zimekaza. Akachora alichokiona. Kisha akahesabu. Alifaulu, si kwa alama za kujivunia, na Amponsah alipoambiwa alama hizo alikasirika kwa niaba yake siku nzima, akiwaeleza wateja kwamba maprofesa wana choyo.

Aliyebaki ni Mama Dufie. Kila mtu alikisifu kipaa, yeye mwenyewe akakisifu kuliko wote, lakini kukaa chini yake hakukaa. Kila asubuhi alikibeba kigoda chake mpaka mwisho wa kibaraza, akafungua mwavuli wake mzee, akapanga mikate yake juani.

"Mama, kivuli kile pale," Amponsah alisema.

"Nakiona. Kizuri sana. Hakina nguzo."

"Ndiyo uzuri wake!"

"Wewe ulinirusha kwenye ubao, Kwaku. Kiuno changu hakijasahau."

Serwaa hakubishana naye. Alizoea tu, akitoka kazini, kwenda kukaa kwenye kibaraza chini ya kile kipaa, akimenya machungwa, akizungumza na mama mkwe kwa mbali, kila mmoja mahali pake. Ikawa hivyo hadi mvua za kwanza zilipoanguka alasiri moja bila kubisha hodi, matone makubwa, upepo ukaupindua mwavuli ukabaki mifupa. Mama Dufie alisimama katikati ya mvua na trei ya mikate kifuani, akitazama angani, akitazama kipaa, akimtazama Serwaa.

Serwaa akasogea kwenye benchi, akapapasa mahali palipobaki.

Mama Dufie akaja, mabega juu, kichwa kimeinama kama anayepita mlango mfupi. Akakaa. Akawa anasikiliza mvua ikipiga zege kule juu. Watu wa barabarani nao walikimbilia hapo, mama mmoja na mtoto mgongoni, vijana wawili na pikipiki yao, na kwa kuwa walikuwa wamesimama tu wakaanza kununua mikate.

"Mke wetu," Mama Dufie alisema mwishowe, akifuta maji usoni kwa ncha ya khanga. "Ukipata nafasi, niangalizie na lile dari la jikoni kwangu. Tangu mwaka juzi linanitazama vibaya."

"Kesho nitakuja, Mama."

"Njoo na huyo mumeo. Lakini asipande popote."